Saa ya kijiko ni shilingi ngapi?

Nimekuwa kimya wiki mbili, na sababu ni mjomba wangu wa Kibaha na kijiko chake.

Kwa wanaosoma kutoka mbali: kijiko ninachosema si cha chai. Ni ile mashine ya kuchimbia, yenye mkono mrefu na ndoo yenye meno. Cha mjomba ni kidogo, tani tatu hivi, kilichotumika Japani miaka kadhaa kabla ya kufika kwetu. Kinachimba misingi ya nyumba, mashimo ya vyoo, mitaro ya mabomba ya maji. Alikinunua kwa kuuza kiwanja na kukopa pesa iliyopungua. Siku ya kwanza aliwauliza wenzake wanatoza shilingi ngapi kwa saa. Wakamwambia elfu arobaini, wengine hamsini, inategemea kazi. Yeye akatoza elfu thelathini.

Simu haikupumzika. Kila fundi wa Kibaha alikuwa na namba yake. Miezi kumi na minne baadaye pampu ya haidroliki ikafa, na pesa ya kununua nyingine haikuwepo. Kijiko kikalala chini ya mwembe kiangazi kizima, msimu ambao kila mtu anajenga. Opareta wake, kijana mwenye mke na mtoto mchanga, akaenda kuendesha bodaboda ya mtu.

Sasa pampu imepatikana. Jumamosi moja mjomba akanipigia.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mpwa wangu. Wewe si ndiye msomi wetu? Njoo uniandikie karatasi ya bei. Safari hii nataka bei ya haki."

Nilidhani ni kazi ya dakika kumi. Nilipofika na kukaa na kalamu mkononi nikagundua kwamba mimi na yeye hatujui kitu kimoja cha msingi: mteja akilipa saa moja ya kijiko, amenunua nini hasa? Muda wa opareta? Dizeli? Shimo? Au kipande cha uhai wa mashine? Nikarudi mjini nikaanza kusoma, na kama kawaida yangu nikaanzia mbali kuliko ilivyohitajika.

Nilianzia Babeli. Mfalme Hammurabi, aliyetawala katika karne ya 18 KK, aliacha jiwe jeusi lililochongwa sheria. Liligunduliwa Susa, Iran, mwaka 1901, na leo limesimama Louvre, Paris. Shuleni tulifundishwa kwamba ni sheria za jicho kwa jicho, tukaishia hapo. Hakuna mwalimu aliyeniambia kwamba karibu na mwisho wa jiwe hilo kuna orodha ya bei za kukodi. Ng'ombe dume wa kupura nafaka: sila 20 za nafaka kwa siku (sila moja ni karibu lita moja). Punda: sila 10. Kisha vinakuja vifungu viwili nilivyovisoma mara tatu. Ukikodi ng'ombe, mkokoteni na mwendeshaji wake, unalipa sila 180 kwa siku. Ukikodi mkokoteni peke yake, sila 40.

Hebu tazama hapo. Karibu miaka 3,800 iliyopita walishajua kwamba kukodi chombo na mwendeshaji ni jambo moja, na kukodi chombo kitupu ni jambo jingine, na kila moja lina bei yake. Wenye mitambo wa Dar hadi leo wanagombana na wateja juu ya hilo: "ile bei ilikuwa na dizeli au bila dizeli?" Tazama pia tofauti ya 180 na 40. Magurudumu na mbao ni sehemu ndogo ya bei. Sehemu kubwa inakwenda kwa kinachokula na kinachochoka, yaani mnyama na mtu.

Kifungu kinachofuata kinamhusu kibarua. Kuanzia mwanzo wa mwaka hadi mwezi wa tano alipwe punje 6 za fedha kwa siku, na kuanzia mwezi wa sita hadi mwisho wa mwaka punje 5. Mwaka wao ulianza majira ya kuchipua, kwa hiyo ile miezi ya punje sita ndiyo miezi ya mavuno na ya siku ndefu. Kwa lugha ya leo, bei ya msimu.

Lakini kilichonifurahisha zaidi ni sheria za ng'ombe wa kukodi anapopatwa na balaa. Simba akimuua huko porini, hasara ni ya mwenye ng'ombe. Akifa kwa uzembe au kwa kipigo cha aliyemkodi, aliyemkodi atalipa ng'ombe kwa ng'ombe. Mungu akimpiga ng'ombe akafa, aliyemkodi ataapa na kuachiwa. Nilimsomea mjomba vifungu hivi kwenye simu. Akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Sasa ile pampu yangu, ni simba au ni kipigo?"

Lilikuwa swali zuri kuliko yote niliyokuwa nimejiuliza mimi. Tutalirudia.

Wababeli hao hao walikuwa na njia nyingine ya kulipia uchimbaji. Vibao vyao vya udongo vya hesabu, vile walivyojifunzia waandishi wachanga, vina maswali ya kuchimba mifereji: urefu huu, upana huu, kina hiki, mtu mmoja anachimba kiasi hiki kwa siku, ujira wake ni punje 6 za fedha, je watahitajika watu wangapi na fedha kiasi gani? Kiasi cha mtu mmoja kwa siku mara nyingi kiliandikwa kuwa gini 10 za ujazo, ambazo ni kama mita za ujazo 3. Mita tatu za ujazo ni udongo wa kujaza lori dogo. Kijiko cha mjomba, kwenye udongo laini, kinazimaliza kwa dakika chache.

Hapo ndipo ugomvi wote wa bei ulipozaliwa. Unaweza kulipia muda, unaweza kulipia kipimo. Ukilipia muda, mwenye kazi anahofu kuibiwa na mvivu. Ukilipia kipimo, mchimbaji anahofu kuibiwa na ardhi, kwa sababu mita tatu za mchanga si mita tatu za changarawe iliyoshikana.

Sisi wenyewe tunayo maneno ya njia zote mbili. Kibarua ni barua ndogo, kile kikaratasi alichopewa mfanyakazi wa kutwa kama ushahidi kwamba anadai ujira wake. Ngwe ni kamba, halafu ikawa kipande cha shamba kilichopimwa kwa kamba: maliza ngwe yako uende nyumbani. Katika Tanganyika ya ukoloni, mashamba ya mkonge yalichanganya mawili hayo. Mfanyakazi alipewa kipande, kadi yenye siku 30 za kazi, na siku ilihesabiwa akimaliza kazi yake aliyopimiwa. Siku ya mvua kubwa, siku ya homa, siku ambayo msimamizi hakuridhika: haikuwekwa alama. Mwezi wa kalenda ukaisha, mwezi wa kipande ukawa bado unaendelea. Gharama yote ya kusubiri ilikuwa mgongoni mwa mfanyakazi, wala haikuonekana popote katika vitabu vya tajiri.

(Mwandishi wa kujitegemea anaijua hadithi hii bila kufundishwa. Nalipwa kwa stori iliyotoka. Saa tatu za kumsubiri mheshimiwa aliyechelewa kufungua semina hazimo katika bei ya mtu yeyote.)

Mtu aliyejaribu kwa dhati kuipatanisha kamba na saa alikuwa Mfaransa mmoja, Sébastien Le Prestre de Vauban, mjenzi wa ngome za Mfalme Louis wa 14. Ngome za enzi zile zilikuwa hasa milima ya udongo, na udongo ulihamishwa na askari wenye toroli. Vauban alisimama akawatazama, akahesabu. Alipata kwamba mtu mmoja anaweza kwa siku kuhamisha udongo wa mita za ujazo zipatazo 14.8 kwa umbali wa mita 29, kwa safari 500 za toroli. Karibu miaka mia moja baadaye mwanafizikia Coulomb alizitumia namba hizo alipoandika juu ya nguvu za binadamu kazini.

Hakuhesabu ili awakamue. Alihesabu ili aweke viwango vya malipo ambavyo makandarasi wangepaswa kuwalipa askari, kulingana na aina ya udongo na umbali wa kuupeleka. Toroli ikienda mbali zaidi, bei inapanda. Udongo ukiwa mgumu, bei inapanda. Kwa mara nyingine ardhi ilipewa nafasi katika hesabu, badala ya kuachiwa mtu aibebe kimyakimya.

Na ni Vauban huyo huyo aliyemwandikia waziri wake wa vita, Louvois, katika miaka ya 1680, barua ambayo wahandisi wa Ufaransa wanaisambaza mpaka kesho. Alilalamika juu ya tabia ya kumpa kazi yule aliyetaja bei ya chini kabisa. Hoja yake, kwa maneno yangu: bei za kukatana shingo zinawafukuza wanaojua kazi na kuwavuta wasio na mtaji na wasiojua wanachofanya. Hao nao wakishabanwa wanachelewesha malipo ya vibarua, wanaiba vifaa, na kazi haimaliziki. Mwishoni mfalme analipa zaidi. Akamshauri waziri alipe bei inayostahili na amtafute mtu mwaminifu.

Niliposoma hapo nilimwona mjomba wangu waziwazi, na haikupendeza, kwa sababu yeye ndiye aliyetaja elfu thelathini. Si tapeli. Ni mtu mwema aliyekuwa hajui gharama zake, na kwa kutojua kwake aliwaharibia kazi majirani wawili waliokuwa wanajua. Mmoja wao aliuza mashine yake mwaka ule ule.

Turuke mpaka Marekani, kwa kifupi. Mwishoni mwa karne ya 19 mhandisi Frederick Winslow Taylor alipewa kazi katika kiwanda cha chuma cha Bethlehem, Pennsylvania, ambako mamia ya watu walipakia na kupakua kwa sepetu. Aliwapima kama Vauban, ila lengo lake lilikuwa jingine. Akagundua kwamba mpiga sepetu mzuri hufanya kazi nyingi zaidi kwa siku sepetu ikibeba ratili kama 21 kila mara, akaagiza sepetu kubwa kwa vitu vyepesi na ndogo kwa vizito. Matokeo aliyoyachapisha mwaka 1911 ni haya: watu wa uwanjani walipungua kutoka kati ya 400 na 600 hadi kama 140, ujira ukapanda kutoka dola 1.15 hadi 1.88 kwa siku, na gharama ya kuhamisha tani moja ikashuka kutoka senti 7.2 hadi 3.3. Piga hesabu mwenyewe. Mfanyakazi alipata nyongeza ya kama asilimia 63, huku kazi yake ikiwa imeongezeka zaidi ya mara tatu. Tofauti ilikwenda kiwandani, na wale mamia waliobaki hawamo katika hesabu hiyo.

Halafu mashine zikaja. Koleo la mvuke lilipewa hataza Marekani mwaka 1839 kwa jina la William Otis, lakini kwa zaidi ya karne moja mashine za kuchimba zilibaki kuwa majitu ya reli, migodi na mifereji. Mwenye nayo alikuwa serikali au kampuni kubwa, na bei ya saa moja haikumhusu mtu wa kawaida. Kilichobadilisha mambo ni mashine ndogo. Mwaka 1953 huko Uingereza Joseph Cyril Bamford alianza kuuza trekta lenye mkono wa kuchimbia nyuma. Mwaka 1957 ndugu wawili wa Minnesota, Cyril na Louis Keller, walimtengenezea mfuga batamzinga kimashine cha magurudumu matatu, chepesi kiasi cha kugeuka ndani ya banda. Uzao wake ndio ule tunaouita leo kwa jina la Bobcat. Na mwaka 1971 kampuni ya Takeuchi ya Japani ikatoa kijiko kidogo cha kwanza cha aina aliyonayo mjomba, kwa ajili ya misingi ya nyumba katika mitaa finyu.

Kuanzia hapo mtu mmoja, kwa kuuza kiwanja chake, aliweza kuwa mwenye mtambo. Na mtu huyo mmoja ndiye aliyelazimika kutaja bei bila kuwa na mhasibu. Mashine yenyewe ilikuja na kisaa kidogo karibu na kiti, kinachohesabu muda ambao injini imewaka. Watu wakakiamini kisaa hicho kana kwamba kinajua haki. Hakijui. Injini ikizimwa kwa kusubiri mteja alete kokoto, kisaa kinalala. Kama kile kipande cha mkonge.

Kabla ya kurudi Kibaha lazima nipite Kongwa, maana hapo ndipo nchi yetu ilipopata somo ghali kuliko yote juu ya bei ya kuhamisha udongo. Mwaka 1946 ujumbe ulioongozwa na John Wakefield ulizunguka Tanganyika, Kenya na Rhodesia ya Kaskazini kwa wiki chache na kupendekeza kufyeka zaidi ya ekari milioni tatu, sehemu kubwa Tanganyika, ili kulima karanga kwa ajili ya mafuta ya Waingereza. Kila kitu kilipigiwa hesabu kwa ekari. Kazi ikaanza mwaka 1947, lakini matrekta mapya hayakupatikana baada ya vita, kwa hiyo yakanunuliwa yaliyotumika na jeshi, mengine kutoka Ufilipino. Hata vifaru vya Sherman vilibadilishwa kuwa matrekta, vikaitwa Shervick.

Ardhi ya Kongwa haikuwa imeulizwa. Wagogo wangeweza kuwaambia: udongo ule wakati wa mvua unateleza, na jua likiwaka unakuwa kama saruji. Changarawe yake ililamba vyuma vya majembe. Mizizi ya vichaka ilishikana chini kama nyavu. Matrekta yakafa mfululizo, vipuri vikawa mbali, na gharama halisi ya kusafisha ekari moja ikawa mara kadhaa ya ile iliyoandikwa. Mapema mwaka 1951 serikali ya Uingereza iliufuta mradi, na hasara iliyoandikwa ilikuwa pauni milioni 36. Tangu nikiwa mdogo nimesikia Kongwa ikisimuliwa kama hadithi ya wazungu waliojifanya wajuaji. Ni kweli, lakini kwa jicho la mwenye kijiko ni hadithi ya bei: walichukua mashine iliyochoka, wakaipangia kazi kwa kasi ya mashine mpya, kwenye udongo ambao hawakuujaribu.

Mjomba naye alinunua mashine iliyochoka.

Sasa turudi kwenye karatasi yetu. Huko Marekani wenye barabara walishakaa wakatengeneza utaratibu wa kulipia mashine inapofanya kazi nje ya bei ya mkataba. Wanachukua kodi ya mwezi mzima ya mashine ya aina hiyo na kuigawa kwa 176, yaani siku 22 za saa nane. Shirika lao la maafa, FEMA, linatoa jedwali la viwango vya saa kwa ajili ya kuzirudishia halmashauri gharama baada ya kimbunga au mafuriko. Ndani ya kiwango kimoja wameweka uchakavu, gharama za uendeshaji wa ofisi, matengenezo, mafuta, vilainishi na matairi. Opareta hayumo, analipwa pembeni. Ni ile ile 180 na 40 ya Hammurabi, ila safari hii imeandikwa na wahasibu.

Hiyo 176 ndiyo iliyonifumbua macho. Tulikaa barazani, mimi, mjomba na shangazi mke wa mjomba, tukafungua daftari la kazi alizofanya. Namba ninazoandika hapa nimeziviringisha ili zifuatike kirahisi.

Tuseme kijiko kilinunuliwa kwa milioni 60, kinaweza kufanya kazi saa 6,000 nyingine, halafu kitauzwa chakavu kwa milioni 12. Milioni 48 zinaliwa ndani ya saa 6,000: hiyo ni shilingi 8,000 kila saa, hata kama hakuna mtu anayeiona ikitoka. Dizeli lita nne kwa 3,000 ni 12,000. Opareta 6,000. Oili, filta, mipira ya haidroliki, meno ya ndoo, mikanda ya chini, na akiba ya siku pampu itakapokufa: 7,000. Mpaka hapo ni 33,000. Bado vitu vinavyodai pesa hata mashine ikiwa imelala: riba ya mkopo, bima, mlinzi, eneo la kuegesha. Tuseme milioni moja kwa mwezi. Ukiigawa kwa saa 176 unapata kama 5,700, na saa ya kijiko inakuwa kama 38,700.

Lakini daftari lilionyesha kwamba mjomba hakuwahi kufanya kazi saa 176 kwa mwezi. Mwezi mzuri ulikuwa saa 90, mwezi wa mvua 60. Tulipoigawa milioni ile kwa 80 ikawa 12,500, na saa moja ikawa 45,500. Hiyo ni gharama tupu. Faida bado.

"Lakini mimi nilikuwa nabaki na pesa," mjomba akasema. "Kila jioni nilikuwa nabaki na pesa."

Ni kweli alikuwa anabaki nazo. Katika elfu thelathini alitoa dizeli 12,000 na opareta 6,000, akabaki na 12,000 mkononi akaiita faida. Mashine, akiba ya pampu na mkopo vilikuwa vinadai 27,500 kutoka kwenye hiyo 12,000. Kila saa aliyofanya kazi alikuwa anauza kipande cha kijiko kwa hasara ya 15,500. Kwa saa 80 hiyo ni milioni moja na laki mbili na arobaini kwa mwezi. Simu zilivyozidi kuita ndivyo alivyozidi kukiuza.

Shangazi alikuwa anachambua mchele. Bila kuinua kichwa akasema, "Nilikuambia kiwanja kiko ndani ya ile mashine." Hakuna aliyemjibu.

Tukaja kwenye ile kazi iliyomuudhi kuliko zote. Mteja mmoja alimwita asubuhi kuchimba msingi. Kijiko kilibebwa na lori, kikafika saa mbili, eneo likawa bado halijapimwa. Walisubiri mpaka saa tano. Walipoanza wakakuta chini kuna msingi wa zamani wa zege ambao mteja aliujua na hakuusema, ndoo ikavunjika meno mawili. Jioni mteja alisoma kisaa cha injini akalipa saa tatu. Usafiri wa lori, kusubiri na meno vyote vilibaki kwa mjomba. Na kwa kuwa hakukuwa na karatasi, hakuwa na la kusema.

Kwa hiyo karatasi tuliyoandika ni hii, na wenye mitambo wanaosoma hapa wanirekebishe. Saa moja ni 52,000 pamoja na opareta na dizeli. Kijiko hakikodishwi bila opareta. Usafiri wa lori kwenda na kurudi unalipwa peke yake, kulingana na umbali. Kikishatoka nyumbani hakuna malipo chini ya saa nne. Kusubiri kwa sababu ya mteja kunalipwa nusu bei, kwa saa ya ukutani na si ya injini, maana dizeli hailiwi lakini opareta na mkopo wapo. Udongo wa kawaida unaweza kupatana kwa mita, ila baada ya kuchimba shimo moja la kujaribu. Ukikutwa mwamba au zege mnarudi kwenye saa.

Nilisita kwenye 52,000. Nilimuuliza mjomba kama watu wa Kibaha watakubali. Akasema baadhi hawatakubali, watamwita kijana mwingine aliyenunua kijiko mwaka huu na anatoza 35,000. Nikamuuliza kama hawezi kwenda kumwonyesha kijana yule hesabu hii. Alinitazama kama nimesema ampelekee adui ugali. Baadaye, wakati wa kula, akasema huenda atakwenda.

Tulipomaliza alinyoosha karatasi chini ya taa akasoma kwa sauti mpaka mwisho. Kisha akauliza: "Na simba yuko wapi?"

Tukaongeza mistari miwili. Mashine ikiharibika kwa uchakavu wake, hiyo ni juu ya mwenye mashine, na ndiyo maana akiba ya pampu imo ndani ya bei. Mashine ikiharibika kwa kitu kilichofichwa ardhini ambacho mteja alikijua, mteja atalipa. Mjomba alisema pampu yake ilikuwa simba, hakuna wa kumlaumu. Opareta aliyekuwa amekuja kusalimia, yule yule wa bodaboda, akasema kwa upole kwamba oili ya haidroliki haikubadilishwa tangu kijiko kifike, kwa hiyo labda ilikuwa kipigo. Mjomba akacheka, lakini si sana.

Jumatatu wanaanza mtaro wa maji Mlandizi, mita sitini. Ameomba alipwe zile saa nne kwanza, na mteja amekubali.